Uzi wa Bandi

Fomu kumi na mbili tu, akasema Daktari Zulekha,
nyingine mia tatu themanini zitangoja.
Tukashika njia ya Mikindani, mimi na Athmani,
fulana mpya, kalamu za buluu, maswali arobaini
yaliyotungwa ofisini, penye feni na maji ya chupa.

Swali la kwanza lilianguka kabla hatujavua viatu.
"Kaya yenu ina watu wangapi?"
Nyevu Chengo akaacha kukuna nazi.
"Kaya? Kaya yetu ni msitu.
Mle hawakai watu, mna makaburi
na miti isiyokatwa. Nani kawatuma mkahesabu mle?"
Athmani akanitazama. Mimi nikaitazama fomu.
Fomu haikumtazama mtu.

Mnatumia maji kiasi gani kwa siku?
"Yapi, mwanangu? Ya chumvi, ya kisima, ya kufulia,
au matamu, ya mkokoteni, mtungi shilingi hamsini,
na mifereji ikikauka, mia?"
Sisi tulikuwa tumeandika maji, basi,
kana kwamba Mombasa nzima ina ulimi mmoja.

Yanafika saa ngapi?
Saa nane, akasema. Nikaandika nane,
na jioni kompyuta ikaisoma nane ya Kizungu,
jua limeshachomoza, watoto wako shule,
ilhali yeye hupanga foleni gizani,
tochi ya simu mdomoni, kitinda mimba mgongoni.

Tulipofika penye sahihi alificha mikono ndani ya leso.
Baba yake alitia dole gumba kwenye karatasi moja tu maishani;
wiki iliyofuata shamba lilikuwa na ukuta, na ukuta una mlinzi.
"Nitawajibu yote, hata ya chooni.
Jina langu liacheni hapa hapa."

Dakika ishirini tulizokadiria
zikawa saa nzima na robo, mahamri mawili,
na mbaazi za jana zilizopashwa moto.

Nilirudi na haya usoni. Nilidhani tumeharibu.
Daktari akacheka hadi akavua miwani.
"Tungekwenda na mia tatu themanini," akasema,
"tungekosea kwa usahihi mkubwa."
Mama yake alikuwa fundi wa nguo Mwembe Tayari.
Alipiga bandi kwanza, mishono mirefu ya uzi mweupe,
akamvika mwenye nguo, akamzungusha: inua mkono.
Kwapa likibana, bandi hufumuka kwa ukucha.
Cherehani ikishapita, utahitaji wembe,
na wembe haujui uzi ni upi, kitambaa ni kipi.

Tukafumua.
Kaya ikawa "nyinyi mnaokula chungu kimoja."
Maji yakawa mawili, saa ikapewa usiku wake.
Swali la thelathini na moja
hatukuweza kulinusuru; tulilizika bila matanga.

Ripoti imetoka, ina ramani za rangi.
Mia tatu themanini wamo, kwa asilimia.
Wale kumi na wawili hawamo. Ndiyo kanuni:
majibu ya majaribio hayatiwi katika hesabu.
Wana sentensi moja, ukurasa wa ishirini na mbili:
"Hojaji ilijaribiwa kwanza Mikindani."
Mimi huisoma polepole, kwa kidole.
Nguo imemkaa mwenyewe, wageni wanaisifu,
hakuna anayeuliza uzi mweupe umekwenda wapi.

Juzi nilimpelekea Nyevu nakala.
Akaipima uzito kiganjani, kama samaki.
"Mna jina langu humu?"
"Hamna."
"Vizuri," akasema, akarudia nazi yake.
Kisha, bila kuinua macho, akauliza
swali ambalo halikuwa kwenye fomu,
si ile ya kwanza wala ile iliyorekebishwa:
"Na maji, yanakuja lini?"