Plasta ya Rangi ya Ngozi

Nilikuwa na wiki saba, Isyonje,
ukungu umelalia matuta ya viazi,
bibi Tusekile alipoipasha sindano kwenye makaa,
akaipoza kwa pumzi,
akanitoboa.
Kulia, nikalia. Kushoto, wanasema, nilinyamaza
kama mtu aliyekwisha kuelewa.
Akapitisha njiti za ufagio, akapaka samli:
Sasa hakuna atakayeuliza kama ni mvulana.

Miaka ishirini na mitatu hakuna aliyeuliza kitu.

Obihiro waliuliza.
Kwa adabu, vichwa vimeinama kidogo:
Wazazi wako walikuruhusu?
Nikatafuta ndani ya Kijapani changu cha miezi minne
maneno ya mtoto mchanga anayeomba ruhusa.
Sikuyapata. Nikasema ndiyo.

Kiwandani, nilikokata karoti jioni
posho ya masomo ilipokatika katikati ya mwezi,
msimamizi hakupaza sauti. Alionyesha picha ukutani:
sikio, na juu yake alama nyekundu ya mkasi.
Nikavua hereni. Akaonyesha tena.
Tundu.
Tundu halivuliki, nilisema, au nadhani nilisema;
huenda nilisema karoti haivuliki.
Nikabaki sina ndewe wala sikio.
Akaleta plasta. Rangi ya ngozi, imeandikwa kwenye boksi.
Ngozi ya nani, haikuandikwa.

Basi miezi yote ya theluji nikakata karoti
na vipande viwili vya waridi masikioni,
vinaonekana kutoka ng'ambo ya ukumbi
kuliko hereni yoyote niliyowahi kuvaa.

Sisemi walikuwa wabaya.
Mama Hisae, aliyenipangisha chumba,
alinieleza huku akimenya tufaha:
mwili ni wa waliokuzaa, wewe unautunza tu.
Kisha akanyosha kidole, akasita,
akagusa ndewe yangu jinsi mtu anavyogusa chungu
kujua kama bado kina moto.
Iliuma?
Sikumbuki, nilimwambia. Mulize bibi yangu.

Mwaka wa pili nilitoboa pua.
Sijui kwa nini. Hasira labda, au baridi.
Zahanati nyeupe, sahihi kwenye karatasi tatu,
mlio mmoja mdogo kama kifungo kinachofungwa.

Nikarudi nyumbani.
Shangazi Bupe alipokea sanduku kabla ya kunipokea mimi.
Ndiyo waliyokufundisha huko Japani?
Nikacheka mpaka nikakaa chini. Japani!
Mama akasema kipini ni mambo ya pwani.
Mchungaji hakusema, aliomba tu, kirefu,
kwa ajili ya vijana wanaorudi na alama.
Masikio yangu hakuna aliyeyaona.

Bibi alinyamaza. Nikampa kifurushi cha Mama Hisae:
hereni za kubana, lulu bandia mbili,
za watu wasiotaka tundu.

Ndewe za bibi zilichanika zamani.
Mtoto mgongoni alivuta, kulia, siku nyingine kushoto;
mtoto huyo ni baba yangu.
Tangu hapo kitambaa chake hufungwa chini, hadi shingoni.
Akazibana. Lulu zikashika juu ya mpasuko.
Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, mvua ikiwa nyuma yake.
Zinauma, akasema.
Kuliko sindano.
Hakuzivua.

Jumapili kitambaa kilifungwa juu.
Shangazi Bupe alinitazama mimi, akamtazama yeye,
akanitazama mimi tena,
hakujua aanzie tundu lipi.

Plasta zilizobaki nilirudi nazo.
Bibi huzifunga vidoleni tunapochimba viazi,
waridi kwenye udongo mweusi,
unaziona toka ng'ambo ya bonde.
Zinashika vizuri, anasema.
Rangi hajaiuliza.