Mizani

Baba alikuwa karani wa mizani
shamba la mkonge la Kwasemhina.
Wanawake wa brashi walipanga foleni na robota za singa,
vumbi jeupe kwenye nyusi,
naye aliandika kilo alizoamriwa aandike,
si zile alizoziona.
Usiku, nyumbani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
alihesabu silabi kwa vidole, nane kwa nane,
na hapo hakumpunja mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoandika karatasi ile.
Ukurasa mmoja, safu mbili:
uzito ulioandikwa, uzito wenyewe.
Tarakimu nilizichota kwenye daftari lake akiwa amelala.
Kaka yangu Sekiete alizikunja nakala,
akazisokomeza ndani ya bomba la kiti cha baiskeli,
akakanyaga pedali mpaka kambi ya wakata mkonge.
Safari ya nne hakurudi.
Baba akaachishwa kazi.
Na mimi, wiki ile ile, viza yangu ikatoka.

Bremen nilijifunza kuvaa soksi mbili mbili.
Alfajiri nilipiga deki ofisi za bima,
mchana nilisoma, usiku niliandika.
Nilizaa binti, nikamwita Mwajabu;
anahesabu kwa Kijerumani hata akiota.
Barua za baba zilikuja kwa beti:

*Mwanangu wa ugenini, barua imenifika,*
*nimeisoma kitini, miwani imevunjika,*
*mama'ko yuko shambani, mvua imekatika,*
*nduguyo bado Maweni, usiulize miaka.*

Miwani haikuvunjika.
Nilimuuliza mama kwa simu ya jirani: nzima,
iko juu ya redio, anaivaa sasa hivi.
Ilivunjwa na kina tu.
Lakini kile kipande cha mwisho hakukitunga.
Kilidondokea kwenye vina chenyewe,
kama mtu anayejikwaa mlangoni kwake.

Mama alipofariki, habari ilinikuta kituo cha tramu.
Nilisema *inna lillahi* kwa sauti, watu wakasogea.
Mwajabu, miaka sita, akauliza:
"Bibi amekufa yuko wapi?"
Nilizoea kumsahihisha.
Siku ile sikuona kosa liko wapi.

Vitabu vitano.
Katika cha pili yumo kijana wa baiskeli
aliyepigwa siku tatu asitoe jina wala chozi.
Wanafunzi wamemjibia mitihani: *Jadili ushujaa wake.*
Nimealikwa kumbi nyingi kwa ajili yake,
nimekula vyakula vyenye majina marefu,
nimepigiwa makofi kwa mgongo wa mtu mwingine.

Nimerudi na masanduku mawili, magoti mabovu.
Sekiete ana karakana uchochoroni,
anaziba pancha, anakaza spoki.
Sikio la kushoto halisikii.
Binti yake alimsomea ile sura juzi, kwa upande wa kulia.
Yeye akawa anazungusha gurudumu,
analitazama linavyopepesuka.

"Umeandika sikulia," akaniambia.
"Nililia, dada. Siku ya kwanza,
hata hawajanigusa."
Akatafuta spana, ilikuwa mkononi mwake.
"Halafu wakauliza nani kaandika.
Nilitaja jina lako.
Nikaona umeshapanda ndege, halitakudhuru.
Walinipiga baadaye, kwa sababu nyingine.
Wala siikumbuki."

Nilikaa kwenye kreti la soda.
Nilitaka kusema jambo, neno la kaka na dada,
lakini vidole vyangu, kwa tabia ya ukoo,
vilikuwa tayari kazini chini ya kanga:
*ni-li-ta-ja-ji-na-la-ko.*
Nane kamili.

Nikavikunja ngumi.
Mteja alikuwa anasubiri, mtoto wa shule,
mkoba mgongoni, shilingi mia tano kiganjani.
"Shika hapa," Sekiete akaniambia, akinipa gurudumu,
"hapa, kwenye ekseli. Kwa nguvu.
Lisiyumbe."