Karatasi ya Kufungia

Mama wa maziwa ameshuka kutoka Uru
kabla jogoo wa mwenye nyumba hajapata sauti.
Anagonga dirisha kwa kifuniko cha kidumu:
"We Haikaeli, mzigo wako huu.
Mama yako kasema uchemshe, usiloweke."
Nalipa nusu lita. Mzigo haulipiwi.

Nyumbani ni pale juu tu, mwendo wa asubuhi moja.
Sijapanda tangu Pasaka.

Wiki ya tatu hii silali kama watu.
Nalala kama kuku, jicho moja kwenye famakolojia,
nikishtuka nataja majina ya dawa
kama mtu anayeita wadeni wake kwa zamu.
Dozi, nusu-uhai, madhara, dozi.
Moyo unadunda mpaka shuka linatikisika.

Nimejaribu kila nilichoambiwa.
Kundaeli aliniletea mzizi wa Kimasai kutoka soko la Mbuyuni,
chemsha na supu, akasema, hutasinzia.
Kweli sikusinzia. Nilisoma hadi alfajiri
ukurasa uleule.
Nikafukiza kivumbasi:
mbu walikimbia, hofu ikabaki imekaa kitandani.
Nikanywa mwarobaini, unaotibu arobaini;
mtihani, nadhani,
ni ugonjwa wa arobaini na moja.

Sista Eliaichi wa maabara alinusa kikombe changu
kama anayenusa uongo.
"Mmea ni dawa, binti, na dawa ni kipimo.
Nini kingine unameza?"
Nikamwonyesha vile vidonge vya usingizi vya kuazima.
"Rudisha leo. Ini lako halina ini la akiba."
Nikarudisha.

Ikabaki mchaichai wa mama,
uliootwa ukingoni mwa mfereji, chini ya migomba,
ambao hakuna aliyeniahidi kuwa utanifaulisha.

Usiku umeme ukakatika.
Nikawasha jiko, nikafungua mzigo kwa mwanga wa mkaa.
Siku zote karatasi naitupia motoni bila kuitazama.
Leo mkono ukasita:
mistari ya bluu, mwandiko umelala upande
kama migomba baada ya upepo.
Mwandiko wangu.
Kidato cha pili. Hisabati.
Kumi na nane kwa mia,
na neno "Jitahidi" lililoandikwa na mtu aliyechoka.

Mama hajui kusoma.
Kwake hii ni karatasi safi tu, haina mafuta,
haina wino wa gazeti wa kuchafua majani.
Madaftari yangu yote kayapanga darini, penye ndizi za kuivisha,
na kila wiki anachana ukurasa mmoja
kwa uangalifu, naujua uangalifu wake,
asiharibu kilichoandikwa.

Maji yakaanza kuimba.
Nikaushika ukurasa juu ya mvuke, nikasoma swali la saba:
mbili mara mabano, eksi toa tatu, funga mabano,
ni sawa na kumi.
Nilikuwa nimeandika tano, nikapigia mstari mara mbili
kwa fahari ya mtu aliyemaliza.
Mwalimu kakata.

Kumbe nilibakiza hatua moja.

Nikachukua penseli. Nane.
Hakuna wa kusahihisha. Mchaichai ukafurika,
ukazima nusu ya mkaa, chumba kikanuka nyumbani,
nikacheka peke yangu kama mwehu,
nikanywa uliobaki bila sukari.
Sijui ni majani, sijui ni ile nane.
Nililala saa nne mfululizo, mdomo wazi,
kitabu kikiwa kimefungwa.

Alfajiri, kifuniko cha kidumu dirishani.
"Mtihani lini?"
"Leo, saa nane."
Nikaikunja karatasi ileile, nikafungia robo ya sukari,
nikampa apande nayo.
"Mwambie mama nimechemsha, sikuloweka.
Na karatasi hii asiitupe."
Akaitazama, akaigeuza huku na huku,
akaisweka kifuani pamoja na chenji.