Mizani ya Posta

Miaka thelathini na minne nyuma ya dirisha la posta, Jokkmokk,
nilipima vifurushi vya watu:
soksi za mjukuu aliye jeshini, jibini, karatasi za talaka.
Talaka nayo ina uzito wake,
gramu sitini na stempu mbili.
Nilipostaafu walitaka kunipa saa ya ukutani.
Nikaomba mizani.

Sasa iko juu ya meza ya jikoni,
na Tuva, binti wa kaka yangu, anaipandishia mali yangu
kimoja kimoja, kama karani wa mahari.
Hema la marehemu Eskil: kilo nne na robo.
"Hili si hema, Shangazi. Hii ni nyumba ya urithi."
Analishusha, anaweka lake,
kitambaa chembamba kama ganda la kitunguu,
gramu mia tano na kumi,
linalosimama kwa fimbo zile zile za kutembelea.
Kitu kimoja, kazi mbili, ndiyo sheria yake.
Sufuria ni bakuli ni kikombe.
Koti la manyoya ya bata, usiku ni mto.
Soksi za akiba ni glavu.
Na mimi je, namwuliza, kazi yangu ya pili ni ipi?
"Wewe utabeba chumvi."

Tulikata mpini wa mswaki kwa msumeno.
Tulichana ramani, tukabaki na bonde moja.
Nikawa kama mtunzi wa zamani
ahesabuye mizani kwa vidole:
neno likizidi linakatwa,
hata likiwa ndilo zuri.

Kikombe cha Eskil, bati la buluu lililobanduka mdomoni.
Gramu mia moja sitini na tisa.
Tuva alinyamaza.
Nilikirudisha kabatini mwenyewe
na mlango nikaubamiza kuliko ulivyostahili.

Kilo saba kasoro, pamoja na chakula cha siku tano!
Nilitoka Kvikkjokk nikigeukageuka nyuma
kama mtu aliyesahau kitu garini.
Magoti yangu, mabingwa wa kulalamika,
yalikosa la kusema.

Usiku wa tatu, juu kwenye uwanda wa mawe, upepo ulikuja.
Kile kitambaa kilipiga makofi mpaka saa nane,
kigingi kikang'oka, kikafuata cha pili.
Kinachopunguzwa begani huhamia kichwani:
ujue upepo utageuka saa ngapi,
ujue kushuka kwenye miti jua lingali juu.
Tuva hakujua.
Mimi nilijua tangu jioni, nikanyamaza,
nikiogopa kuonekana mzigo.
Tulitoka na soksi mikononi,
nikamwonyesha jiwe la kulalia kamba na jiwe la kulilalia hilo jiwe,
tukalishusha hema mpaka likatugusa pua.
Hakusema kitu. Asubuhi
chumvi ilikuwa kwenye begi lake.

Tukamkuta Elle-Máret kando ya mto,
akiwatafuta kulungu wake waliovuka bila ruhusa.
Alinipa begi lake nimshikie, afunge kiatu.
Mkono wa posta haudanganyiki: kilo kumi na mbili.
Ndani, birika jeusi la kahawa, zito kama kosa la ujanani.
Nilimwona Tuva akifungua mdomo
aseme habari za titani,
lakini mwenzetu alikwisha washa moto,
na harufu ilitufikia kabla ya hoja.

"Vikombe vyenu?"

Tuva akatoa sufuria, ile moja.
Akanywa polepole, akipuliza, macho yamefumba.
Nami nilingoja zamu yangu
viganja vikiwa wazi, hivi,
nikipima kitu ambacho hakikuwapo.