Sindano ya Dvosya

Hakuacha kitabu.
Wenzake waliacha tafsiri za Torati nene kama matofali
na wanafunzi wa kugombania kila nukta.
Rabi Nokhem-Fayvish wa Zavilitsa aliacha
daftari la madeni,
jalada ngozi ya mbuzi, pembe zimeliwa na panya.

Alikuwa mkopaji, nianze na hilo.
Ijumaa, theluji ikifika magotini,
alipita nyuma ya sinagogi, uchochoro wa wachuna ngozi,
akibisha milango ambayo hata mtoza kodi
alishaisahau.
"Una chumvi, Zelik? Nikopeshe kijiko."
Kwa Hersh-Ber mchota maji, kamba ya ndoo.
Kwa Pinye kiziwi, nusu mshumaa; aliuomba kwa vidole,
na Pinye akaukata kwa kisu, mikono ikimtetemeka,
maana hakuna aliyewahi kumwomba kitu
ila asogee.

Kwa Dvosya, bibi yangu wa saba tukihesabu kurudi nyuma,
mjane, mnyonyoa mabata bukini,
alikopa sindano.
"Nitairudisha Alhamisi."
Alhamisi hakuirudisha.

Wasomi wa Brody wakaandika barua:
mtu huyu hupiga makofi katikati ya sala,
hupinduka miguu juu mbele ya sanduku takatifu,
na juu ya yote ni mdaiwa sugu.
Dawa ya deni ni kulipa, wakamkumbusha.
Akacheka hadi supu ikamwagikia ndevu.
"Yapo madeni ambayo yenyewe ndiyo dawa.
Mpeni Dvosya sadaka, atapitia mlango wa nyuma.
Mdai hupitia wa mbele."

Akapitia wa mbele, kila Alhamisi, miaka kumi na tisa.
"Sindano yangu, Rabi."
"Kesho, Dvosya. Kaa kwanza, ule."
Akakaa. Akala. Akamkaripia kwa ajili ya viatu vyake,
akamtafutia binti yake mchumba,
akamvunja huyo uchumba.

Sisemi alikuwa malaika.
Mkewe Khayka alizaa wanane, akazika watano,
akavihesabu vijiko vya watu
ndani ya nyumba isiyokuwa na vyake.
Hadithi yake hakuna aliyeiandika.
Mimi nimejaribu. Kila mara naishia kwenye vijiko.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Alikufa mwezi wa Adari, barabara tope tupu,
na wadai wakaja, mia mbili na kumi na mmoja.
Wanafunzi wakasimama kizingitini na daftari, wakalipa:
chumvi, kamba, nusu mshumaa.
Waliolipwa waliondoka wakilia
kama watu waliofukuzwa kazi.

Dvosya akafumba kiganja.
"Sichukui," akaiambia maiti.
"Huko uendako kuna mahakama.
Siku nitakapoitwa, nataka pale mlangoni
awepo mtu ninayemdai."

Basi deni likarithiwa.
Likapita kwa mabinti pamoja na hereni na beseni la kukandia unga,
likavuka moto wa soko, likavuka kipindupindu.
Hereni ziliuzwa. Beseni lilipasuka.
Na ule mwaka walipopelekwa wote bondeni,
nyuma ya kiwanda cha matofali,
mama yangu, umri miaka tisa,
chini ya magunia ya shayiri kwa jirani Paraska,
alijihesabia mali yake gizani:
hana baba, hana kiatu cha kushoto,
anadai sindano.

Siku hizi mabasi huja na wanaume kutoka mbali.
Huchomeka karatasi kwenye nyufa za kaburi:
uzazi, figo, kesi ya nyumba.
Wananitazama, mwanamke mzee asiye na karatasi,
aking'oa nyasi kwa mikono yake.

Wakishaondoka, nainama.
"Sindano, Rabi."
Nasubiri kidogo.
"Kesho," namjibia.
Kisha nafungua mkate wangu,
nakaa,
nakula.