Muhtasari wa Alhamisi, Ghala la Mnyambe

Waliohudhuria: tisa, na mtoto wa Somoe mgongoni,
ambaye hatumhesabu, ingawa ndiye huanza kulia hoja ikilegea.
Mahali: ghala la ushirika. Msimu umekwisha,
harufu ya korosho ingali ukutani
kama neno la mtu aliyekwisha ondoka.
Maji: lita tano, ya kununua.
Kitafunwa: ming'oko, na chumvi juu ya gazeti.

Mada kaileta Likwenya, fundi baiskeli:
akili na serikali, nani kamzaa mwenziwe?

Akaanza mwenyewe. Mtu akiwa peke yake, alisema,
hahitaji serikali, anahitaji panga.
Wakiwa wawili wanahitaji mpaka.
Wakifika watatu, mmoja atashika daftari,
na hapo, ndugu zangu, ndipo ilipoanzia.
Wote wakanigeukia mimi.
Nikaendelea kuandika.

Mwalimu Chitanda alisema akili ni taa.
Bi Nangomwa akauliza: na mafuta ananunua nani?
(Kicheko.)
Akaongeza, nami sikupunguza hata nukta:
Bomba letu mwaka wa pili huu halijatema hata mate.
Nilikwenda ofisini, nikapewa sababu.
Nikarudi, nikapewa sababu nyingine.
Nina ndoo nzima ya sababu nyumbani.
Mwenye nguo chafu na aje afue.

Hapo Mtipa akakohoa.
Mtipa ni mpima. Misimu kumi na miwili
kasimama pale, chini ya ile ndoana,
mtu wa maneno machache, kama risiti.
Alisema: Mnaitafuta mbali. Ilikuwa humu.
Gunia likining'inia, nalipokea kidogo kwa goti,
hivi, kama mtu anayembembeleza mtoto.
Goti langu hili lilikuwa na kilo mbili.

Mtoto wa Somoe hakulia.
Nje, mtu alipita anaburuta kuti, tukamsikiliza
mpaka alipofika barabarani.

Nilidhani Bi Nangomwa atapiga kelele.
Aliniomba kalamu.
Mwaka ule wa mvua nyingi, alisema, nilileta magunia kumi na moja.
Lipi na lipi?
Yote, akajibu Mtipa.
Akazidisha kiganjani mwake, si kwenye daftari langu,
akakifumba kiganja.

Mtipa akaniambia, hilo usiliandike.
Mwalimu akasema, basi tupige kura, sisi si watu wa mada hii?
Liandikwe: wanne.
Lisiandikwe: wanne.
Mtipa mwenyewe, kichwa chini, alinyoosha mkono liandikwe.
Bi Nangomwa alikataa. Likiandikwa, alisema,
litakuwa sababu nyingine, na ndoo yangu imejaa.

Ikabaki kura yangu.
Nikasema naomba muda nitafakari.
Likwenya akapiga paja: Mmemsikia?
Suala linafanyiwa kazi!
Walicheka, na mimi nikacheka, lakini usiku
nilikaa na kalamu mpaka jogoo wa jirani akakosea saa.

Sikupata hoja ya kuwatosha wote wanane.
Nilipata hii tu: kwamba mkono wangu, ukiliacha,
nao utakuwa umeinua kitu kidogo,
kwa upole, hivi,
bila mtu kuona.

Alhamisi iliyofuata Mtipa alikuja na gunia
nyuma ya baiskeli ya Likwenya. Hakusalimia.
Akalitundika.
Bi Nangomwa akasema: Rudi nyuma.
Akarudi.
Tena.
Akarudi.
Mpaka mlangoni.

Mshale ukaenda ishirini na nne, ukashuka ishirini,
ukapanda, ukacheza,
na sisi watu wa hoja, watu wa kukatizana,
tukausubiri kimya mpaka ulipotulia.
Aliyetangaza ni yeye Bi Nangomwa. Sikumsikia vizuri,
mtoto alikuwa ameanza.

Mengineyo: taa ilizimika saa mbili na nusu.
Suala la mafuta limeahirishwa.