Kadi ya Mwisho

Mimi si msomi. Wasomi huandika kitabu,
nami huja nyuma yao na kalamu ya risasi na vikadi,
kuorodhesha kilichotajwa, na ukurasa wake.
Ni kazi ya mlango wa uani.

Mwaka huu nimepewa sheria za kale za Waserbia,
kurasa mia sita na kumi na nne:
nani alidaiwa kodi ya asali,
nani alihamisha jiwe la mpaka usiku,
na ukimng'oa mtu ndevu utalipa nini
(ndevu za bwana na za mkulima, bila shaka, bei mbalimbali).

Profesa Radivoj alifariki Februari,
akiwa kwenye tanbihi ya mia tisa na tatu;
sentensi imesimama kwenye koma hadi leo.
Muswada uliletwa hapa Novi Sad na mjane wake
ndani ya boksi la jamu ya plamu.
Aliuweka mezani, akauliza
kama kuna mahali pa kukaushia viatu.

Sasa nikupe siri ya kazi yangu.
Alfabeti ndiyo mahakama pekee niliyoiona
isiyokula rushwa.
Kwa lugha yetu mbuzi ni *koza*, mfalme ni *kralj*;
basi katika kila faharasa mbuzi hutangulia,
na mfalme, pamoja na taji na monasteri zake,
hungoja mkia upite.
Na kwa herufi za Kisirili *žena*, mwanamke,
husimama mbele ya *zakon*, sheria.
Jambo hilo limenifariji miaka ishirini na sita.

Jumanne meneja akachungulia mlangoni:
"Toleo hili litoke kwa Kilatini. Kuna wanunuzi wa nje."
Kwa Kilatini!
Kule Ž, ile yenye kikofia kichwani,
hutupwa mwisho kabisa, nyuma ya watu wote.
Nikawabeba wanawake wa kitabu kizima,
mahari yao, viapo vyao,
yule maskini asokotaye sufu mlangoni pa kanisa,
nikawashusha kadi kwa kadi
hadi chini ya droo.

Ni usiku huo, nikitafuta ukurasa uliopotea,
nilipoyatazama maandishi ya pembeni.
Wino wa kijani. Mwandiko mwembamba.
*Rade, hii si kweli, rudi ukurasa wa 88.*
*Rade, umemhesabu shahidi huyu mara mbili.*
*Hapa unamwonea.*
Na kila mahali, katika nakala safi, Rade amerekebisha.

Nikaisoma dibaji upya.
Anashukuru taasisi mbili, askofu mmoja,
hata fundi wa mashine ya kunakilia.
Wino wa kijani haumo.

Nikampigia simu. Akacheka.
"Ningemwacha akosee?"
Yeye ni Mhungari wa Bačka Topola;
Kiserbia alikijua ukubwani, kwa kuzisoma rasimu za mumewe.
"Mpaka leo," akasema, "dukani naomba mkate
kama mtu anayeapa mbele ya hakimu
wa karne ya kumi na nne."

Faharasa si mahali pa kutoa shukrani. Kanuni naijua,
nimewafundisha vijana watatu kanuni hiyo.
Nikachemsha kahawa. Nikaiacha ikapoa.

Aliyefunga droo alikuwa *župan*,
mtawala wa wilaya, mtu wa mashamba na farasi.
Nikachukua kadi tupu nikaiweka nyuma yake,
nikaandika *Žužana*,
bila jina la ukoo,
kama waandikwavyo wafalme na watakatifu.

Ikabaki namba ya ukurasa.
Niliiwaza mpaka tramu… la, hapa hatuna tramu siku hizi,
mpaka gari la taka lilipopita chini ya dirisha.
Nikaandika: 1–614.

Baada ya hapo alfabeti haina herufi nyingine.
Kinachofuata ni jalada.